Viongozi wa dini kwenye siasa: tuwazuie kwa njia ya Marekani, Ufaransa, Meksiko au Uturuki?

Ukisikiliza watu wanavyolalamika kuhusu wachungaji, mapadri na mashehe kuingilia siasa utadhani wote wanataka kitu kimoja, kumbe wapi. Mmoja anataka shehe asitaje jina la mgombea msikitini, mwingine anataka padri asiruhusiwe kabisa kugombea, mwingine kugombea hakumsumbui ila anakereka serikali ikitoa hela ya kujenga nyumba ya ibada, na yupo ambaye ukimchimba sana unakuta anataka dini yenyewe ife. Hayo ni madai manne tofauti na kila moja lina mwisho wake, na karibu yote yameshajaribiwa mahali fulani duniani kwahiyo hatuna haja ya kubahatisha, tuyaweke tu pamoja tuone lipi lilizaa matunda na lipi lilikula watu.

Huyo anayetaka dini ife namalizana naye mapema. Wasovieti walianza na amri ya Januari 1918 ya kutenganisha kanisa na dola, ukiisoma inapendeza, ila haikuchukua muda ikawa ni kukamata na kuua makasisi. Hispania nako, Mei 1931 nyumba za watawa zikachomwa Madrid na miji mingine, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1936 wakauawa makasisi, mabruda na masista karibu 7,000. Ikaleta nini? Jenerali Franco, aliyekuwa upande wa kanisa, akashinda, akatawala mpaka 1975, na kanisa likawa na usemi shuleni, kwenye ndoa, kwenye ukaguzi wa filamu na vitabu, kuliko hata ule uliokuwa unapingwa mwanzo. Yani kama lengo lako ni kupunguza nguvu za makasisi, hiyo ndo njia ya kuziongeza, achilia mbali kwamba ni mauaji.

Zinabaki njia nne za serikali na moja ya waumini wenyewe. Mi huwa nazipima kwa vitu vitatu. Mdomo, yani kiongozi wa dini anaruhusiwa kusema nini kuhusu siasa. Kiti, yani anaweza kugombea, au kuna kiti anakalishwa bure kwa sababu tu ya kanzu yake. Na mfuko, nani anamlipa mshahara, majengo ni ya nani, kodi analipa au halipi. Halafu kuna cha nne ambacho watu wanakisahau kabisa, daftari: nani anaandikisha watoto wanaozaliwa, nani anafungisha ndoa, makaburi yako chini ya nani, nani anashika shule. Makasisi wa zamani walikuwa wanaogopwa kwa daftari kuliko kwa mahubiri, maana utagombana vipi na mtu ambaye bila yeye mtoto wako hajulikani, ndoa yako haitambuliki na baba yako hana pa kuzikwa?

Marekani: mdomo ruksa, kiti ruksa, mfuko nusu nusu

Marekebisho ya kwanza ya katiba yao, 1791, yanasema Kongresi isiweke dini ya taifa wala isizuie watu kuabudu. Lile neno maarufu la ukuta kati ya kanisa na dola lilikuja 1802 kwenye barua ya Rais Jefferson kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, na hapo watu wengi wanapitwa na kitu muhimu. Walioandika kwa Jefferson kuomba ulinzi walikuwa ni walokole haswa, wachache kwenye jimbo ambalo kanisa la Congregational lilibebwa na sheria mpaka 1818. Na kabla yao yupo Roger Williams, mchungaji aliyehukumiwa kufukuzwa Massachusetts 1635 kwa sababu alikuwa anasema hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, akaenda kuanzisha Providence 1636. Kwahiyo ukiambiwa kupinga mamlaka ya viongozi wa dini ni ukafiri, mtaje Williams, alikuwa anasali kuliko huyo anayekwambia.

Kuhusu kiti, jimbo la Tennessee lilikuwa na marufuku tangu 1796 kwamba wahudumu wa dini wasiingie bungeni. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta kwenye kesi ya mchungaji wa Kibaptisti, Paul McDaniel wa Chattanooga, na hoja kubwa ilikuwa huwezi kumwambia mtu achague kati ya haki yake ya kuhubiri na haki yake ya kugombea. Mi nakubaliana nao hapo kabisa.

Kwenye mfuko ndo panaingia ujanja. Serikali hailipi mapadri lakini inasamehe makanisa kodi, na 1954 seneta Lyndon Johnson akaingiza kipengele kwamba taasisi inayosamehewa kodi isimpigie debe mgombea wala kumpinga. Ni dili zuri kwenye karatasi, sema lolote unalotaka ila si kwa msamaha wa walipakodi. Kuna kanisa la jimbo la New York lilinunua matangazo magazetini 1992 kuwaambia Wakristo wasimpigie kura Clinton, likanyang'anywa msamaha 1995 na likashindwa mahakamani 2000. Sasa hiyo ni kesi ambayo kila mtu anaitaja kwa sababu kesi za namna hiyo ni adimu, wachungaji kibao wamekuwa wakitaja wagombea mimbarini na hakuna kilichowapata.

Matokeo yake, ukiniuliza, ukuta wa Marekani unalilinda kanisa dhidi ya serikali vizuri sana, upande wa pili unalinda kwa kiasi tu. Mchungaji Jerry Falwell alianzisha Moral Majority, kundi la kisiasa la Wakristo wahafidhina, 1979 na tangu hapo wahubiri ni sehemu ya hesabu za kila uchaguzi. Ukichagua njia hii ujue unachonunua, hakuna atakayefungwa kwa mahubiri, lakini na wewe utayasikia hayo mahubiri mpaka uchoke.

Ufaransa: walikosea sana kabla ya kupatia

Hii ndo inastahili muda. Mapinduzi yao yalianza kwa kuwageuza mapadri kuwa watumishi wa serikali wanaochaguliwa kwa kura, sheria ya 1790, halafu wakalazimishwa kuapa utii kwa katiba, waliogoma wakawindwa, nchi ikapasuka na vita ya Vendée ikalipuka 1793. Napoleon akaja na mapatano na Papa 1801: serikali inateua maaskofu na inalipa mishahara. Ukikaa ukafikiria, mapatano hayo yalimfanya kila padri kuwa mtumishi wa umma anayelipwa na watu wasiomwamini, na karibu karne nzima ugomvi ukawa ni serikali kumlaumu padri kwa kuhubiri dhidi yake huku ikimlipa, na padri kulalamika serikali inaingilia huku akipokea.

Mei 1877 mwanasiasa Léon Gambetta akasema bungeni kwamba adui ni utawala wa makasisi. Angalia alichokilenga, hakusema adui ni Mungu wala waumini. Waziri Jules Ferry akafuata na shule za msingi za bure 1881, kisha za lazima na zisizo na mafundisho ya dini 1882. Hapo daftari likaanza kuhama, na kwa maoni yangu hiyo shule ya Ferry ilipunguza nguvu ya makasisi kuliko hotuba zote za Gambetta.

Halafu akaja Émile Combes, waziri mkuu 1902, mtu aliyesomea seminari mwenyewe na akaandika tasnifu juu ya Thomas Aquinas (hao waliotokea ndani ndo huwa wakali zaidi, si unajua). Akafunga maelfu ya shule za mashirika ya watawa, na sheria ya 1904 ikakataza mashirika hayo kufundisha kabisa. Mwaka huohuo ikagundulika wizara ya vita inatunza mafaili ya maofisa wa jeshi, nani anaenda misa, mke wake anasali wapi, ili wa namna hiyo wasipandishwe vyeo. Skendo hiyo ikamwangusha Januari 1905. Hapo ndo panapotofautisha mtu anayepinga nguvu ya askofu na mtu anayemchunguza kapteni kwa sababu ya misa ya Jumapili, na wengi wanaanza wa kwanza wanamaliza wa pili bila kujijua.

Sheria yenyewe ya kutenganisha ilipita tarehe 9 Desemba 1905, Combes keshaondoka, na mwandishi wake mkuu Aristide Briand alikuwa anatafuta kitu ambacho Wakatoliki wangeweza kuishi nacho. Kifungu cha kwanza kinahakikisha uhuru wa dhamiri, cha pili kinasema Jamhuri haitambui, hailipi mshahara wala haitoi ruzuku kwa ibada yoyote. Majengo ya kabla ya hapo yakabaki mali ya umma, waumini wanayatumia bure, ndo maana Notre-Dame ilipoungua 2019 mwenye jengo alikuwa ni serikali. Mwaka 1906 maofisa walipoenda kuorodhesha mali makanisani zikazuka fujo, mtu akauawa, na waziri wa mambo ya ndani Clemenceau, ambaye hakuwa rafiki wa makasisi hata chembe, akasimamisha zoezi. Uamuzi wa akili sana, maana kanisa lilikuwa limeshashindwa vita ile, ya nini kutengeneza mashahidi kwa kuhesabu vinara vya mishumaa?

Na kiti je? Watu wanadhani Ufaransa padri hawezi kugombea. Félix Kir, padri kabisa, alikuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 hadi alipofariki 1968 na alikuwa mbunge pia, anaingia bungeni na kanzu yake. Abbé Pierre naye alikuwa mbunge baada ya vita. Jamhuri haikuanguka.

Doa lake naliona sehemu mbili. Kwanza Alsace na Moselle, kwa sababu 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani, mpaka leo zinaendelea na mapatano ya 1801 na serikali inalipa mapadri, wachungaji wa Kiprotestanti na marabi, maimamu hawamo, na hakuna serikali iliyothubutu kugusa. Pili, sheria iliyotungwa kumbana askofu mwenye shule na magazeti imesogea taratibu mpaka kwa mtoto wa shule, ile ya 2004 ya kukataza alama za dini zinazoonekana wazi kwenye shule za umma. Msichana wa miaka kumi na tano mwenye mtandio si kiongozi wa dini, hana mimbari, hana mfuko, hatawali mtu. Ukitaka kuchukua njia ya Ufaransa chukua ya 1905, hizi nyongeza zitafakari mara mbili.

Meksiko: nusu ya kwanza safi, nusu ya pili moto

Meksiko ilikuwa na sababu za msingi kuliko wote. Kanisa lilikuwa na ardhi kubwa mno, mahakama zake lenyewe, na ndilo lililoandikisha uzazi, ndoa na vifo. Sheria ya Juárez 1855 ikapunguza mamlaka ya mahakama za makasisi na wanajeshi, ya Lerdo 1856 ikalazimisha ardhi za kanisa ziuzwe, na katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1859, Rais Juárez akataifisha mali za kanisa, akaweka ndoa ya kiserikali na ofisi ya kuandikisha raia. Hii ni kazi ya daftari na mfuko na haikurudishwa nyuma, hata Maximilian, mfalme aliyeletwa na majeshi ya Ufaransa na kushangiliwa na maaskofu alikataa kuwarudishia mali zao, wakabaki midomo wazi.

Nusu ya pili ni katiba ya 1917. Kifungu cha 130: padri hapigi kura, hagombei, haruhusiwi kukosoa sheria za nchi wala serikali hata kwenye mkutano wa ibada, na majimbo yanaweza kupanga idadi ya makasisi. Miaka ya kwanza haikutekelezwa sana, halafu Rais Calles akaitia meno 1926. Maaskofu wakajibu kwa kusimamisha ibada za hadhara nchi nzima, na vijijini watu wakashika silaha, vita ya Cristero, 1926 mpaka 1929, makumi ya maelfu wakafa. Obregón aliyekuwa amechaguliwa tena urais akapigwa risasi 1928 na kijana Mkatoliki. Mwisho wake wakakaa mezani, balozi wa Marekani Dwight Morrow akisaidia kupatanisha, sheria zikabaki vitabuni na serikali ikafumba macho. Miaka hamsini baadaye Papa Yohane Paulo II anatembelea nchi 1979 amevaa kanzu yake hadharani, kitu ambacho sheria ilikataza, na hakuna aliyemgusa. Sheria ambayo kila mtu anajua haifuatwi inakuwa fimbo ya kumpigia padri usiyempenda tu.

1992 wakarekebisha, makanisa yakatambuliwa kisheria, makasisi wakapewa kura. Kugombea wakiwa kazini bado hawawezi, na kumpigia debe mgombea bado marufuku.

Linganisha 1859 na 1926. Ya kwanza ilimnyang'anya kasisi nguvu ambazo raia yeyote asingetakiwa kuwa nazo. Ya pili ilimnyang'anya haki ambazo raia yeyote anatakiwa kuwa nazo. Ya kwanza imedumu, ya pili ilileta vita.

Uturuki: waajiri wote

Tarehe 3 Machi 1924 siku moja tu, ukhalifa ukafutwa, shule zote zikawekwa chini ya wizara ya elimu, na ikaundwa ofisi ya serikali ya mambo ya dini, Diyanet. 1925 zawiya za tarika zikafungwa, 1926 sheria ya familia ikachukuliwa kutoka Uswisi, 1928 Uislamu ukatolewa kwenye katiba kama dini ya dola, na kuanzia 1932 hadi 1950 hata adhana ilisomwa kwa Kituruki. Mantiki ilikuwa kwamba imamu ukimwacha huru atakupindua, basi mpe mshahara, mwandikie hotuba.

Inavutia viongozi wengi hii, nadhani ndo njia inayovutia kuliko zote kwa mtu aliyeko madarakani, na mi naiweka ya mwisho. Sababu ni moja, ukishajenga mtambo wa kuandikia kila msikiti hotuba ya Ijumaa, mtambo huo haujali nani ameushika. Waliojenga walikuwa watu wa Atatürk, leo una watumishi zaidi ya laki moja na uko mikononi mwa chama chenye mizizi ya kidini. Usiku wa jaribio la mapinduzi Julai 2016 misikiti ndo ilitumika kuwaita watu watoke mitaani. Unaweza kusema usiku ule ilisaidia, sawa, ila ni ushahidi wa nguvu ambayo waasisi walidhani wameizima. Halafu Waalevi, kundi la kidini lisilo la Kisuni ambalo ni mamilioni, wanalipa kodi kugharamia ofisi inayoendesha ibada za Kisuni.

Kiti cha bure

Uingereza maaskofu 26 wa Kianglikana wanakaa kwenye Nyumba ya Malordi, yani bunge la juu lisilochaguliwa, kwa cheo chao tu. Iran Baraza la Walinzi lina watu 12, sita wakiwa mafakihi, yani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walioteuliwa na kiongozi mkuu, na ndilo linachuja wagombea. Kwa madhara hayalingani hata kidogo, maaskofu wa London hawawezi kumkata mgombea, ila kwa kanuni ni jambo lilelile na sioni utetezi wake. Kugombea agombee kama wengine. Kinachochekesha ni kwamba Uingereza hiyohiyo mpaka 2001 mapadri wa Kianglikana na wa Kikatoliki walikuwa hawaruhusiwi kuwa wabunge wa kuchaguliwa, yani wa kupewa ndani, wa kuchaguliwa nje.

Waumini kujizuia wenyewe

Hii haitajwi sana na inafanya kazi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 285, inakataza makasisi kushika vyeo vya umma vyenye madaraka ya kiserikali. Robert Drinan, padri Mjesuiti, alikuwa mbunge wa Massachusetts tangu 1971, agizo la Papa likaja 1980, hata kabla ya kanuni hiyo, na hakugombea tena. Fernando Lugo alikuwa askofu Paraguay, akashinda urais 2008, ikabidi Papa amvue ukleri kabisa. Upande wa Shia, mafakihi wa Najaf, Iraq, kama al-Khoei walikuwa wanakataa hoja kwamba fakihi atawale dola, na Iran kwenyewe Ayatollah Montazeri, aliyewahi kutajwa kumrithi Khomeini, kiongozi mkuu wa kwanza, akafungiwa nyumbani 1997 hadi 2003 kwa kumkosoa kiongozi mkuu. Hoja ikitoka kwa mtu kama huyo huwezi kuipuuza kwamba ni maneno ya wasioamini.

Udhaifu wake ni kwamba rungu liko mikononi mwa wakubwa wao, leo wanamkataza padri wa mrengo huu, kesho wanafumba macho kwa wa mrengo ule.

Sasa uchague ipi

Kama shida yako ni hela za umma kwenda kwa dini moja, nenda na Ufaransa ya 1905, kata ruzuku zote, na za dini ndogo pia, usibakize Alsace yako. Kama ni wa dini ya wachache na unaogopa wengi watakutungia sheria, Marekani inakulinda zaidi. Kama makasisi bado wanashika ardhi, shule na vyeti, anza na Meksiko ya 1859 kabla ya kitu kingine chochote, maana kumkataza mtu kusema wakati cheti chako kiko kwake ni kujidanganya. Uturuki ningekushauri uikwepe hata kama rais wa sasa unampenda, hasa kama unampenda.

Kuhusu mdomo, nauacha wazi. Mapadri na wachungaji walisema dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Desmond Tutu alikuwa askofu na ile ilikuwa siasa tupu, na sheria ya kumziba anayekukera leo ingemziba na yeye. Ninachokikubali ni kimoja ambacho Ufaransa na Meksiko wote wanacho, mkutano wa kisiasa usifanyike ndani ya nyumba ya ibada. Na hapo mi ningeongeza jambo ambalo wao hawakulitilia mkazo: mara nyingi si kasisi anayeifuata siasa, ni mwanasiasa anakuja na bahasha, anapewa maikrofoni kabla ya sadaka. Adhabu ya kwanza ingemfuata huyo, akatwe kwenye kugombea, padri aachwe aelezane na waumini wake.